Miwani Imekubali

Juzi nilikuwa kwa fundi simu pale Katesh, nimekaa kwenye benchi na wateja wengine nasubiri zamu yangu, akaingia mzee mmoja kutoka Dirma. Mkononi alikuwa na miwani ya VR aliyotumiwa na mwanawe, ile ambayo unaweka simu ndani yake, mbele ya macho, ukajiona umesimama ndani ya video.

"Tangu jana naona ukungu tu," akasema.

Fundi akasogeza lenzi, akapangusa vioo kwa pindo la shati, akamvalisha. Mzee akageuza shingo taratibu, kushoto, kulia, kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

"Unaona nini, mzee?"

"Mji. Vijana wengi wanapita."

"Basi imekubali."

"Haijakubali. Wamepita kumi hapa mbele yangu, hakuna hata mmoja aliyeniamkia."

Tulicheka. Fundi akasema labda ni mipangilio, akaizima simu, akaiwasha upya, akamvalisha tena. Sisi tukarudi kwenye simu zetu.

Binti mmoja akasimama mlangoni. "Shikamooni."

Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee peke yake akanyoosha mkono hewani. "Marahaba, mwanangu!" Kisha akaita kwa furaha, "Fundi, sasa imekubali! Ulirekebisha nini?"

Binti akatutazama mmoja mmoja. Mzee hatukumwambia ukweli. Tungeanzia wapi kumweleza kwamba kati yetu wote, aliyemwona binti ni yule aliyefunikwa macho?