Bafle ya Nadège

Ikicheza saa nzima, bafle yetu ilianza kunukia mbao iliyopata joto, kama kabati jipya lililoachwa juani, na chini ya harufu hiyo palikuwa na kitu kikali kidogo ambacho sasa najua kilikuwa gundi. Bafle ndivyo tunavyoita spika hapa Lubumbashi. Ilikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Bel-Air, juu ya meza ndogo kando ya dirisha, na mama aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hata hajagusa viti vya wageni. Ilikuwa ya mbao kweli, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na juu yake palikuwa na kitako chenye meno madogo ya chuma. Katika kitako hicho ulichomeka kicheza muziki kidogo, bapa, chenye upana wa vidole vitatu, nacho kikapata umeme na sauti papo hapo. Bafle haikuwa na redio, wala tundu la waya mwingine wowote. Ilimjua mwenzake mmoja tu, basi. Tantine Régine, mdogo wake mama, alituletea vyote viwili aliporudi kutoka Ulaya, na majirani wakaja kuvitazama. Hayo nayasema kwa upendo, kwa sababu niliipenda bafle ile. Yanayofuata nayasema kwa hasira, na sitaomba radhi.

Mdogo wangu Nadège alikuwa na miaka tisa mwaka ule, mimi kumi na mmoja. Alikuwa kiziwi tangu umri wa miaka mitatu, baada ya homa ya uti wa mgongo. Alibaki na maneno machache ambayo sisi wa nyumbani tuliyaelewa, na ishara tulizojitungia wenyewe: moja ya chakula, moja ya mvua, moja ya mtu anayesema uongo. Muziki ulikuwa jambo la wengine. Halafu Jumapili moja baada ya misa, mama akiwa amefungulia nyimbo zake huku akichekecha unga, Nadège alipita kando ya meza, akaigusa kwa kiuno, akasimama ghafla. Aliweka kiganja juu ya bafle. Kisha akainama, akalaza shavu juu ya mbao na kufumba macho. Mama aliacha kuchekecha. Tulitembea kwa ncha za vidole, kana kwamba angeweza kutusikia na kushtuka. Alikaa hivyo nyimbo tatu nzima. Alipoinua kichwa, shavu lake lilikuwa na mstari wa ukingo wa mbao, akaanza kujigonga kifuani kwa ngumi: pum, pum-pum, pum. Yalikuwa mapigo yenyewe, sawasawa, bila kosa hata moja. Mama alikaa chini kwenye sakafu na unga wake.

Katika parokia yetu, kama katika nyingi za huku, kuna wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare wakati wa misa, wamevaa magauni meupe na mikanda ya rangi. Tunawaita bajoyeuse. Nadège alikuwa akiwatazama miaka yote hiyo akiwa amepiga magoti juu ya benchi ili aone miguu yao. Mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi jekundu, mama alimshika mkono akampeleka kwa kiongozi wao, Mama Béa. Nami nilikwenda.

“Huyu mutoto hasikie, mama,” Mama Béa alisema. “Atacheza namna gani?”

“Atacheza. Umuangalie kwanza.”

Alimwangalia dakika mbili. Ngoma zilipigwa juu ya saruji, na saruji haitoi kitu kwa mtu anayesikia kwa nyayo. Nadège alifuata miguu ya wenzake, kwa hiyo kila mara alichelewa nusu hatua. Wasichana wawili walicheka, naye aliwaona. Mama Béa hakuwa mwanamke mkatili, lakini alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huumiza vilevile. Alisema kwamba kwa sikukuu ya Bikira Maria, katikati ya Agosti, zitachezwa nyimbo nne. Nadège arudi juma moja kabla. “Kama anazijua zote nne, anaingia. Kama hapana, ni hapana.”

Basi tukaanza. Mama aliimba kwaya, akarekodi mazoezi kwa simu yake. Binamu yetu Trésor, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Kasapa, akazihamishia nyimbo tatu kwenye kicheza muziki kwa kompyuta yake. Wimbo wa nne kwaya yenyewe ilikuwa bado inajifunza. Tuliulaza mlango wa kabati la zamani juu ya sakafu, tukaweka bafle upande mmoja, na upande wa pili akasimama Nadège peku. Umeme ulikuja na kuondoka ulivyotaka. Ulipokuja, hata kama tulikuwa katikati ya kula, tuliacha sahani tukakimbilia mlango wetu. Mimi nilimwonyesha hatua nilizozikariri kanisani, na mlango ukampa mapigo. Kwanza alilaza shavu kwenye bafle ili aujue wimbo, kisha akasimama na kucheza. Kufikia katikati ya Julai aliweza kuzicheza zote tatu hata bafle ikiwa imezimwa, kwa sababu zilikuwa zimeshaingia mwilini mwake. Alihitaji tu nimpe ishara ya kuanza. Ninamwona mpaka leo: nywele zimefungwa kwa kitambaa cha mama, ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo, visigino vikipiga ule mlango mpaka rangi ikabanduka. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile, na nimeshahudhuria harusi nyingi.

Wiki mbili kabla ya siku ya Mama Béa, kwaya ilimaliza wimbo wa nne. Trésor alikichukua kicheza muziki akaenda nacho Kasapa kuuingiza. Alirudi kesho yake mchana, akakichomeka katika kitako mbele yetu sote. Kioo kikawaka, yakatokea maneno ya Kifaransa: kifaa hiki hakitambuliki. Akachomoa, akafuta meno kwa shati, akachomeka tena. Hakitambuliki.

“Ilikatala kutia wimbo, mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Ilisema kwanza nikubali mise à jour.”

Ndiyo hiyo mise à jour, yaani programu mpya ambayo kampuni ilituma kutoka huko iliko. Hakuna aliyetuambia kwamba baada ya kukubali, vitu viwili vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuishi pamoja vitakanana kama watu wasiojuana. Trésor alijaribu kurudisha ya zamani, ikashindikana. Baadaye tulijua kwamba kampuni ilikuwa imeshaacha kutengeneza bafle zile na ilitaka watu wanunue nyingine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilielewa kitu kimoja: mtu fulani, katika ofisi nisiyoijua, alikuwa ameingiza mkono sebuleni kwetu akachukua kitu cha mdogo wangu. Nadège alitutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, akingoja tumweleze. Tulikuwa na ishara ya mtu anayesema uongo, lakini hatukuwa na ishara ya kampuni.

Mama aliifunga bafle kwa kitenge tukaipeleka kwa fundi, Papa Jules, katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Alikuwa mzee mpole aliyetengeneza redio tangu enzi za babu yetu, aliyefanya kazi ya reli. Aligusa yale meno ya chuma kwa nyaya kutoka redio yake, na bafle ikalia vizuri kabisa.

“Iko muzima,” alisema. “Ni kile kidogo njo kinaikatala.”

“Unaweza kutia waya ndani, papa? Juu tutumie simu?”

Aliigeuza pande zote, akaipapasa kwa kidole gumba. “Naweza. Lakini banaibamba na kole kila fasi. Haina visi hata moja. Hii haikufanywa juu ya kufungula.”

Hakukuwa na skrubu hata moja. Waliifunga kwa gundi ili mtu yeyote asiitengeneze. Papa Jules aliiweka siku nane. Aliipasha moto, akaipitishia kisu chembamba, polepole, na bado ubao wa mbele ulipasuka kutoka juu hadi chini. Aliunga waya, akaubana ubao kwa gundi yake mwenyewe, akakataa kutulipisha kwa sababu ya ule ufa. Tulirudi nyumbani, tukachomeka simu ya mama, wimbo wa nne ukatoka. Kwa masikio yetu ulikuwa na mkwaruzo kidogo tu. Nadège alilaza shavu. Akahamia upande mwingine. Akajaribu paji la uso, kisha kifua, kisha akapanda juu ya mlango na kusimama muda mrefu. Mwishowe alitugeukia akafanya ishara yetu ya sufuria isiyo na kitu: ubao uliopasuka haukumpa mapigo tena.

Siku ya Mama Béa ilifika. Alicheza nyimbo tatu bila kasoro, nami nikiwa pembeni nikimpa ishara ya kuanza, na wale wasichana wawili hawakucheka. Ulipoanza wimbo wa nne alifuata miguu ya wenzake, akachelewa nusu hatua, kama mwezi wa sita. Mama alisema nyimbo tatu si haba. Mama Béa akajibu kwamba neno lake lilikuwa nne, na kwamba akilegeza kwa mmoja, wazazi wote watakuja. Siku ya sikukuu Nadège alikaa kwenye benchi katikati yetu, ameinamisha kichwa. Hakupiga magoti kutazama miguu ya mtu. Tangu siku ile hajawahi kuomba tena.

Leo bafle ziko kila mahali. Kila duka la vocha barabarani lina moja ya plastiki yenye taa za rangi, haina waya, inapiga kelele kuliko ile yetu mara kumi, na ukiiwekea kiganja unahisi kitu kama nzi ndani ya kopo. Mwaka jana, nikitafuta jambo jingine kwenye simu, niliangukia ukurasa ambapo watu wa nchi za mbali wanaikumbuka bafle ile. Wanaisifu sauti yake, wanasikitika kwamba haitengenezwi tena, na mmoja ameweka picha yake akiitumia kuegemeza vitabu. Damu ilinipanda. Niliiandikia kampuni barua ndefu kwa Kifaransa, kila kitu kimo: mlango, gundi, wimbo wa nne. Walinijibu kwa mistari mitatu. Walinishukuru kwa uaminifu wangu, wakasema bidhaa hiyo ilifikia mwisho wa maisha yake. Niliisoma mara nyingi. Haikufikia mwisho wowote. Ilikuwa nzima, na waliiua wao.

Nilimpelekea Nadège barua hiyo. Sasa ni mshonaji, ana karakana yake na wasichana wawili anaowafundisha. Nilitaka tukasirike pamoja. Aliisoma, akaiweka juu ya cherehani, akachukua simu yake na kuniandikia. Ninayanakili maneno yake yalivyo; yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

“Yaya, wewe unakasirikia bale ba mbali. Ile wiki mbili, mulikuwa munatembeza bafle kwa fundi. Mugongo yangu ilikuwa pale nyumbani. Ungeweza kunipigia ule wimbo na mikono.”

Nilisoma mara ya kwanza, ya pili. Wimbo wa nne niliujua wote. Nililala chumba kimoja naye usiku wote kumi na nne, kitanda kimoja, na mgongo wake uligusa wangu. Nilikuwa nimeshughulika kuichukia mashine. Hasira yangu kwa kampuni haijapungua hata chembe, na sitaki ipungue, ila sasa si wao peke yao walio ndani yake. Nilimwuliza kwa ishara kama anataka nimpigie mgongoni leo, hapo hapo, mbele ya wasichana wake. Alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akaandika tena.

“Sasa sitaki. Wakati ule nilitaka.”