Mioyo Mitatu kwenye Orodha ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, na tangu alipokuja kukaa nami Singida mjini ili awe karibu na kliniki, maisha yetu yaligawanyika kwa misimu ya katuni za Kijapani. Yeye hakupenda niziite katuni. "Ni anime, dada," alikuwa akinisahihisha, na mimi nilikuwa nakosea kwa makusudi ili anisahihishe.

Kule Japani anime mpya hutoka mara nne kwa mwaka. Kabla ya kila msimu programu tuliyokuwa tunatumia hufungua ukurasa wa zinazokuja: picha moja kwa kila hadithi, mistari michache ya maelezo, na kifilamu cha dakika moja. Zinakuwa nyingi, hamsini au zaidi, na huwezi kuziangalia zote hata kama huna kazi. Mimi kazi ninayo, nafundisha sekondari. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, na kuchagua tulikufanya Jumamosi mchana baada ya kufua, mlango ukiwa wazi na upepo wa Singida ukituletea vumbi mpaka kwenye vikombe vya chai.

Yeye alisoma maelezo yote. Mimi nilihukumu kwa picha. Mwisho wa mabishano tulibaki na tatu, hazizidi tatu, na kila tuliyoikubali aliibonyezea alama ya moyo, ikaingia kwenye orodha yake. Alikuwa na sharti moja ambalo sikulielewa kwa muda mrefu: hadithi iwe na sehemu kumi na mbili tu, iishe ndani ya miezi mitatu. Siku moja nilimletea moja ndefu ambayo watu wote walikuwa wanaisifia. Akaisogeza pembeni bila kuifungua.

"Mbona ndefu huzitaki?"

"Sipendi kuachwa njiani," alisema.

Nikacheka. Nilidhani anazungumzia hadithi zinazokatishwa kabla ya kufika mwisho.

Msimu ule wa mwisho tulichagua moja kuhusu binti anayetembea mji hadi mji akirudisha vitu vilivyosahauliwa na wasafiri. Mwavuli, saa, barua, kila kitu alikipeleka mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Mdogo wangu aliipenda kuliko zote. Tulipofika sehemu ya tisa alikuwa amelazwa. Tuliiangalia kwenye simu yake, yeye amelala, mimi nimeketi ukingoni mwa kitanda, kila mmoja na kisikilizia kimoja sikioni. Muuguzi akaja na dawa kabla haijaisha. Mdogo wangu akaisimamisha kwa kidole gumba, akaniambia, "Tutaendelea." Siku ya pili yake kifua kilimbana, na hakikuachia tena. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Tulimzika nyumbani Mungaa, nyuma ya shamba la alizeti ambalo lilikuwa limeshavunwa. Nilikaa siku za matanga, kisha nikarudi mjini kwa sababu wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani. Mama alibaki na vitu vyake: mashati, Biblia, shuka alilolipenda, na simu. Ile simu nilimwona mwenyewe akiifunga kwenye kanga na kuiweka sandukuni.

Laptopu yangu ya zamani ilibaki na akaunti yake. Ukiiwasha programu, inakuuliza nani anaangalia, na chini yake kuna picha mbili ndogo: mbweha wa rangi ya chungwa, ndiye yeye, na kikombe cha chai, ndiye mimi. Kwa wiki mbili sikuigusa. Halafu Jumamosi moja nimemaliza kufua, mikono ikiwa bado na mikunjo ya maji, nikajikuta nimeketi mahali petu. Nilijua ukurasa wa msimu mpya umefunguliwa. Sikuwa na hamu ya kuangalia chochote. Nilitaka tu kupitisha macho kwenye zile picha kama tulivyokuwa tunafanya.

Nikabonyeza mbweha.

Kwenye orodha yake kulikuwa na mioyo mitatu. Hadithi tatu za msimu unaokuja, zilizotangazwa pale wakati yeye yuko ardhini. Ya kwanza ilikuwa na kijana anayechunga mbuzi kwenye mlima wa theluji. Ya pili, mwanamke mzee anayesambaza barua kwa baiskeli. Ya tatu ilikuwa picha ya stesheni ya treni isiyo na mtu, na benchi moja.

Zote tatu zilikuwa na sehemu kumi na mbili.

Nilisimama nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikafunga, nikarudi. Bado zilikuwepo. Ndipo nikaona jambo jingine. Ile hadithi ya binti, ambayo niliiacha imesimama kwenye sehemu ya tisa dakika ya kumi na nane, ilikuwa imesogea. Sehemu ya tisa imekwisha. Ya kumi imekwisha. Ya kumi na moja ilikuwa katikati. Kuna mtu alikuwa anaiangalia.

Mimi si mtu wa kuogopa vitu visivyoonekana. Wanafunzi wangu wakija na habari za mashetani bwenini huwa nawarudisha kwenye vitabu vyao. Lakini siku ile nilifunga laptopu nikaiweka juu ya kabati, na nilipotoka chumbani nilipita ukutani, mbali na mkeka aliokuwa akilalia mdogo wangu, kama mtu anayempisha aliyelala. Kesho yake nikatazama tena. Sehemu ya kumi na moja ilikuwa imekwisha.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda kwa rafiki yake. Ni kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa karibu na soko. Walisoma pamoja, na mabishano ya misimu alikuwa anayafuata kwa simu. Nilimkuta anakunja majora. Tulisalimiana, nikamfungulia laptopu juu ya meza ya kukatia nguo.

"Alikupa neno la siri?" nikamuuliza. "Sikasiriki. Niambie tu."

Akatazama kioo cha laptopu. "Hakunipa, dada. Na hata angenipa, nisingegusa." Akasogeza picha zile tatu kwa kidole, taratibu. "Lakini hizi ni zake kabisa. Hasa hii ya stesheni. Hii angeichagua bila hata kusoma."

Mama yake alitoka nyuma na chai ya maziwa, nikamwamkia, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri. Nilikuwa nazungumza naye kwa simu kila siku mbili, sauti yake ilikuwa ya chini lakini imetulia, na kila mara aliniambia amekula. Kijana wa watu alinisindikiza mpaka nje. Mlangoni akaniambia nisiifute ile akaunti, hata kama naogopa. Nikamwambia siogopi. Akarudi kwenye majora yake.

Wiki ile nilifundisha vibaya. Nilikuwa naandika ubaoni, na katikati ya sentensi nafikiria, sasa hivi amefika sehemu ya kumi na mbili. Nilijipa kila maelezo ambayo mtu aliyesoma anaweza kujipa. Mitambo hukosea. Akaunti huibiwa. Lakini mwizi gani anaingia kwenye akaunti ya mtu na kuendelea na hadithi pale pale ilipoishia, tena polepole, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayekula? Na ndani yangu, chini ya woga, kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilikuwa natamani iwe kweli. Nilikuwa nawahi nyumbani kutazama kama amesogea.

Jumamosi nikaenda Mungaa.

Nilifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, ameketi kwenye kigoda na sinia la mtama mapajani. Nilikuwa sijapiga hodi. Nikasikia Kijapani. Sauti ya yule binti, ileile, inatoka ndani ya jiko la mama yangu, imechanganyika na kuku. Nilishika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakushtuka. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. "Ngoja kwanza, anaagana na mtu."

Nikakaa chini palepale mlangoni. Mama alinitazama, akaona uso wangu, akainua mkono akagusa kioo, na ile picha ikasimama.

Simu ndogo ya vitufe ya mama ilikuwa imeharibika wiki moja baada ya maziko, akaniambia. Akatoa laini yake akaiweka kwenye hii. Muda wote niliokuwa nampigia, nilikuwa napigia simu ya mdogo wangu, na bando nililokuwa namtumia, la dakika na intaneti pamoja, ndilo lililokuwa likiendesha yote. Kuifungua hakikuwa kitu kigumu kwake. Alikuwa amemwona mwanawe akiifungua mara elfu, akasema, na kidole kilikuwa kinapita kama anayechora jembe.

"Nilikuwa natafuta picha zake," mama alisema. "Nikagusa, nikaikuta hii imesimama. Huyu binti yuko mlangoni kwa watu, mkono umeshika kitasa. Nikasema, sasa ndiyo akae pale mlangoni siku zote? Nikambonyeza aingie."

"Na maandishi ya chini? Ni Kiingereza."

"Sikusoma. Mtu akilia si unamwona?"

Nililia basi, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mama aliendelea kupepeta. Alipoona nimemaliza akanipa maji, akaniuliza kwa Kinyaturu kama nilidhani ni mdogo wangu. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungekuwa umefurahi?" akauliza.

"Ningeogopa."

"Mimi ningefurahi," alisema.

Kisha nikamwonyesha ile mioyo. Alikubali ya kijana wa mbuzi. Aliiona picha yake, kijana amekondeana na baridi, na akabonyeza moyo akidhani ndiyo njia ya kumwambia mtu pole. Mwanamke wa baiskeli pia ni yeye. Umri ule na mzigo ule, alisema, hakuna hata mwanawe wa kumsaidia? Nilipofika kwenye stesheni akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii siijui."

"Labda kidole kilipita tu."

"Nimekwambia siijui. Hapa hakuna mtu. Ningempa nani pole?"

Nilirudia kumuuliza wakati tunakula, kwa njia nyingine, kama ninavyowauliza wanafunzi swali moja mara mbili. Jibu lilikuwa lilelile. Kwa hiyo mawili niliyapatia maelezo, na la tatu sijalipatia mpaka leo. Naweza kusema kidole kilipita. Huwa nasema hivyo nikiulizwa.

Mchana ule tulimaliza sehemu ya kumi na mbili, mama na mimi, tumeketi kwenye mkeka ukumbini. Nilimsomea maandishi yote kwa Kiswahili, na pale neno lilipokosekana nilitumia Kinyaturu. Alishangaa kujua kwamba vile vitu ambavyo binti alikuwa anavipeleka havikuwa zawadi. Alikuwa amejitungia hadithi nyingine kabisa, ya binti anayetafuta mume. Sikumwambia ipi ni bora.

Halafu tukafungua ukurasa wa msimu mpya, tukapitia picha zote hamsini na kitu. Alikataa zote zenye mapanga. Alikataa moja kwa sababu msichana amevaa nusu uchi. Nilisoma maelezo, yeye akahukumu kwa nyuso, na kila mara nilijikuta nasubiri mtu wa tatu apinge. Mwisho hatukuongeza wala kupunguza. Tulibaki na zile zile tatu.

"Tuanze na ya stesheni," mama alisema.

"Ndiyo hiyo ambayo hukuichagua."

"Si mimi, wala si wewe. Basi aliyeichagua aheshimiwe."

Msimu ulipoanza nikawa naenda Mungaa kila Jumamosi na laptopu kwenye mkoba. Ile ya stesheni, niseme ukweli, haikuwa nzuri. Treni inafika, watu wanashuka, wanazungumza kuhusu hali ya hewa, treni inaondoka. Mdogo wangu alikuwa na kawaida ya kuiacha hadithi kwenye sehemu ya tatu kama haijamshika, na nilipofika pale nilimwambia mama tunaweza kuiacha. Alikataa. Tuliiangalia yote kumi na mbili, mama akiniuliza kila mara kama mtu yule aliyesubiriwa ameshashuka, na mimi nikimwambia bado.

Mpaka sasa mama hakubali niizime kabla wimbo wa mwisho haujaisha na kioo hakijawa cheusi. Kwenye weusi ule tunaonekana sisi, yeye na mimi, na nyuma yetu mlango ulio wazi na mwanga wa uwanja. Huwa anatazama pale kwa muda, kwa makini, kama anayehesabu. Kisha ananyanyuka, anajipangusa kanga, na kwenda kuangalia mlenda usije ukamwagikia motoni.