Nyayo za Mama-mapasa

Mwaka ule wa tisini na tatu, ndugu zangu, pale Panda, mtaa wa Likasi, mtu mwenye asili ya Kasai alijifunza kusema kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba yake. Vijana wa Kikatanga, waliotaka Wakasai warudi kwao, walipita njiani wakigonga milango ya mabati, na stesheni ilijaa familia zilizongoja treni ya kuondoka. Stanislas, fundi wa mashine, mzaliwa wa Likasi hapa hapa, alibaki ndani kwa sababu ya mguu wa kushoto. Siatiki, maumivu ya mshipa, ilimshika tangu zamani, ikitoka takoni, ikishuka nyuma ya paja mpaka kisigino kama waya wa moto. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, ya juu, hayana ngazi. Asiyeweza kupanda angebaki. Na mke wake, Marcelline, alikuwa amekwisha kusema: "Ukibakia, shiye wote tunabakia."

Zamani alitibiwa na Cyrille, mkandaji wa dispansari, tuliyemwita kine. Cyrille alijaribu kwanza kumvuta mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakakimbilia vidoleni, akaacha. Akamkandamiza tako kwa kidole gumba; ikapoa, asubuhi ikarudi. Kilichosaidia ni kumlaza kifudifudi na kumwinua kifua, kidogo kidogo.

"Fuata njia yake," alimwambia. "Ikipanda ku kiuno, hata kiuno kikiuma, ni muzuri. Ikishuka ku mguu, acha. Na mutu asikukanyage ku mufupa wa mugongo."

Lakini Cyrille naye alikuwa Mkasai. Treni iliyotangulia iliondoka naye.

Basi Marcelline akavuka ua, akamwita jirani yao Émérence, mama-mapasa. Kwetu mwanamke aliyezaa mapacha, nyayo zake ni dawa ya mgongo. Ila Émérence alikuwa Mkatanga, na mume wake, Alexis, alikuwa haachi mikutano ya wale vijana.

Stanislas akalala mkekani, uso chini. Nyuma ya ukuta, uani, alimsikia Alexis akikohoa. Émérence akaweka kisigino juu ya tako lake, akakiondoa.

"Stanislas, uko mugumu sawa ubao. Nikikanyaga nitakuvunja."

"Minaogopa, mama."

"Unaogopa uzito wangu ao unaniogopa minye?"

Stanislas akageuza uso kuelekea ukuta.

"Basi nitukane. Unajua desturi. Mama-mapasa bila kutukanwa, dawa yake haiingii."

Kumtukana Mkatanga, mwaka ule, mume wake akisikia? Marcelline alikuwa ameshika mlango. Lakini treni ilikuwa ikitazamiwa kesho yake.

"Mama-mapasa," alinong'ona, "miguu yako... iko mikubwa."

"Ni tusi hilo? Sema nguvu."

"Iko mikubwa sawa masufuria ya matanga. Ukioga, mutaa muzima unakosa maji."

Kisha sauti ya Alexis ikapita ukutani: "Na akilala anachukua kitanda kizima. Uliza minye, ninalala chini."

Émérence akacheka mpaka akashika ukuta. Stanislas naye kicheko kikamtoka, kibaya, karibu na kilio, na mgongo ukalegea. Hapo ndipo Émérence akapanda. Marcelline alikwisha kumwonya, kwa hiyo aliuacha mfupa wa katikati, akakanyaga pande zote mbili, hata upande usiouma, maana mambo ya mapasa ni mawili mawili.

"Inashuka?"

"Inapanda. Imetoka ku kisigino. Iko ku kiuno."

Cyrille angesema misuli ilikuwa imejifunga kwa woga. Émérence alisema ni tusi. Mimi nawaachia ninyi.

Kesho yake Alexis aliwabebea godoro mpaka kona ya barabara, akalitua hapo, akatazama huku na huku, akarudi haraka. Mbele ya behewa Stanislas alikataa kuvutwa. Alilaza kifua sakafuni mwa behewa, akainua mguu mzima, kisha ule mwingine, akajiviringisha ndani. Kiuno kilimuuma, mguu haukumuuma. Marcelline alipokwisha kuwapandisha watoto, alimkuta amelala kifudifudi katikati ya mizigo ya watu, akiwauliza abiria asiowajua, kwa sauti ya chini, kama mlango ule unaweza kufungwa kabla vijana hawajafika.