Firigisi ya Mshindi

Mtu akishinda shindano la kuimba, kwa nini anakatazwa kuimba? Nyanya yangu mzaa mama ndiye aliyeniuliza, mimi mwenye digrii mbichi. Nilianza kumweleza habari za mikataba. Akanitazama vile anavyomtazama kuku anayekataa kuingia bandani jioni.

Mshindi mwenyewe alikuwa binamu yangu, binti ya mjomba, wa huko Matulo karibu na Webuye. Alishinda shindano la runinga, lile ambalo majaji huanza kulia kabla wimbo haujaanza. Siku ya fainali walimmwagia karatasi za kung'aa, wakamvika taji, wakamwahidi albamu na mwaka mzima wa kulelewa na wataalamu. Kesho yake wakampandisha basi, taji likiwa limefungwa kwa gazeti, mkononi mkataba wa kurasa thelathini na moja.

"Nenda nyumbani, tutakupigia," walimwambia.

Hawakupiga. Na mkataba ulisema haruhusiwi kuimba hadharani bila ruhusa ya ofisi hadi albamu itoke, akivunja sharti hilo, hakuna albamu. Alikuwa ameacha kazi ya kufundisha chekechea kwa sababu ya albamu hiyo. Kwa hiyo akafunga mdomo.

Huko kwao Bungoma hakukukalika tena. Muuza nyama alishikilia kisu hewani, akakataa kukata kabla hajasikia ubeti mmoja. Mwendesha boda alizima pikipiki katikati ya barabara: "Siste, si utoe tu kakitu kadogo, hata kiitikio bana." Msusi naye alimsuka upande mmoja wa kichwa, kisha akamwambia upande wa pili unangoja wimbo. Ndivyo alivyofika kwetu Kitale kujificha, nusu amesukwa, nusu nywele zimesimama.

Mimi hupenda kuhoji kila kitu. Nimewahi kumhoji mchungaji kuhusu hesabu za safina. Nikachukua mkataba ule nikausoma kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi, na kwenye ukurasa wa kumi na tisa nikakipata: "hadharani" maana yake ni mbele ya watu wawili au zaidi.

"Mmoja si hadhara!" nilipiga kelele. "Niimbie mimi."

Akaniimbia jikoni, tukiosha vyombo. Mama akaingia kutafuta mwiko.

"Mama, toka! Utatupeleka kortini!"

"Nitoke jikoni kwangu? Mkataba unaosha sufuria?"

Kila Jumatatu nilipiga ile nambari ya ofisi iliyokuwa ukurasa wa mwisho. Alipokea mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, asiye na haraka. Nilimwita bwana mkurugenzi, naye hakunikataza. Nyuma yake nilisikia honi za magari na mlango wa chuma ukilia. Nilijiambia ofisi kubwa lazima iwe na shughuli nyingi.

"Jambo lenu limefika," alikuwa akisema. "Subirini."

Nyanya hakusubiri. Alipanga ibada ya shukrani huko Matulo, Jumamosi, kanisa zima likaalikwa. Yeye ndiye aliyezunguka kijiji kizima wakati wa shindano akiomba simu za watu ili ampigie mjukuu wake kura, na sasa alitaka wapiga kura wake wamsikie. Tena akatangaza kwamba mjukuu atakula firigisi. Nyumbani kwa nyanya, firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkubwa wa boma, yaani mjomba, na hakuna msichana aliyewahi kuigusa. Mjomba alikubali kuiachilia mara moja tu, na uso wake ulionyesha hesabu hiyo. Lakini anayepewa firigisi lazima asimame ashukuru mbele ya wote, na huyu wetu alitakiwa kushukuru kwa kuimba.

Nilikuwa na mpango. Watu wataingia jikoni mmoja mmoja, kila mtu aimbiwe peke yake, sheria isiguswe. Mchungaji akatangulia, akatoka akifuta macho, sijui ni wimbo au moshi. Foleni ikafika hadi kwenye nyasi za ng'ombe.

"Hii ni kama kliniki," alisema mzee mmoja.

"Afadhali kliniki, kule kuna benchi."

Mama mmoja wa kwaya aliingia mara mbili, akidai mara ya kwanza alisimama karibu na maharagwe yanayochemka. Kufikia mtu wa kumi na mbili, sauti ya binamu ilikuwa imeanza kukwaruza.

Zamu ya nyanya ikafika. Akakataa kuinuka kitini.

"Mimi sikuja kudungwa sindano," alisema. "Wimbo wa shukrani watu huimbiwa wakiwa pamoja." Hapo ndipo aliponigeukia na lile swali lake. Nami nikaeleza mikataba, naye akanipa lile jicho la kuku.

Binamu akatoka jikoni, macho mekundu, masizi kwenye shavu. Alitazama sahani iliyofunikwa mbele ya nyanya.

"Kukhu, nitaimba," alisema; kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. "Hiyo albamu iende."

Lakini nilimwona akimeza mate, na haikuwa kwa sababu ya firigisi.

"Ngoja!" nikasema. "Nipige simu kwanza."

Ilikuwa Jumamosi, bado alipokea. Nikaweka sauti juu wote wasikie.

"Bwana mkurugenzi, samahani, ni ile habari ya ruhusa."

"Jambo lenu limefika. Subi..."

Nyanya akaninyang'anya simu. "Wewe, una nyanya?"

"Ninaye, mama."

"Anaishi wapi?"

"Lwakhakha."

"Sasa akuite kula, umnyamazie, utalala?"

Mlango wa chuma ukalia. Mtu akapiga honi. Kisha ile sauti nzito ikasema polepole: "Aimbe. Lakini simu isikatwe. Nataka kusikia yote."

Nikawageukia watu. "Ofisi inafuatilia! Tafadhali, mtu asiharibu."

Wote wakakaa wima. Mchungaji akafunga vifungo vya koti. Simu tukaiwekea kiti chake, safu ya mbele, juu ya kitambaa cha mezani, na mtoto aliyetaka kukaa hapo akafukuzwa. Binamu akaimba, mikono nyuma kama mwanafunzi wa chekechea, na sauti iliyokwaruza ikajinyoosha yenyewe. Kwaya ilivumilia ubeti mmoja tu, kisha ikaingia bila kuitwa. Jogoo naye hakuachwa.

Alipomaliza, kabla hatujapiga makofi, simu ikasema: "Rudieni ubeti wa pili."

Tukarudia. Ikaomba tena. Tuliurudia mara tatu, kwa kuogopa sheria. Halafu binamu akala firigisi polepole sana, na mjomba akalisindikiza kila tonge kwa macho.

Albamu haikuja. Nilipiga simu Jumatatu nyingi baada ya hapo, hadi binamu mwenyewe aliponiambia niache, akarudi chekechea. Huko huimba kutwa nzima, mbele ya watu arobaini wasioweza kukaa kimya.

Miaka miwili baadaye nilienda Nairobi kwa mahojiano ya kazi, na nikatafuta lile jengo lililoandikwa kwenye mkataba, nikiwa na maswali tayari kichwani. Bawabu alinifungulia geti, nalo likalia kilio nilichokijua. Nikamsalimu. Naye aliposikia sauti yangu akavua kofia, akauliza kama nyanya yangu hajambo. Ofisi ya shindano ilikuwa imehama wiki moja tu baada ya fainali, na simu ya washindi iliachwa kwenye kibanda cha huyo bawabu.