Mizigo Iliyovuka Mto

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye siku hizi anachimba dhahabu upande wa Geita, utotoni alikuwa na desturi iliyoniumiza. Kila treni ilipoingia Shinyanga, alikimbilia stesheni kutazama nyuso za wanaoshuka. Alikuwa anamtafuta baba. Baba alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ya Wazungu kabla mtoto huyo hajazaliwa, na hatukuletewa habari yake tena. Mama alipofariki, niliacha shule nikiwa darasa la pili, nikawalea wadogo zangu watatu kwa karanga na pamba. Hatukuwahi kukaa matanga ya baba. Ungemliaje mtu ambaye hukuambiwa kwamba amekufa?

Jirani yetu, mzee Mwislamu aliyekuwa askari katika vita ile, aliandika kumbukumbu zake kwa herufi za Kiarabu. Wajukuu wake waliokuwa shuleni hawakuzijua. Basi akaniomba: yeye asome kwa sauti, mimi niandike kwa herufi za shule. Nilikubali upesi. Nilitumaini nitamkuta baba humo.

Wiki mbili niliandika bunduki, njaa, maofisa, punda waliokufa. Siku moja akasoma: "Asubuhi mizigo arobaini ilivuka mto. Sita ilipotea."

Nikaweka kalamu chini. "Mzee, hiyo mizigo ilivuka yenyewe?"

"Ilibebwa."

"Na nani?"

"Wapagazi, binti. Andika. Karani haulizi maswali."

"Na hiyo sita, waliokuwa wameibeba walikwenda wapi?"

Alifunga daftari. "Nenda kachume pamba yako."

Nilirudi nyumbani nikijua nimeharibu. Siku tatu hakuitikia shikamoo yangu. Ya nne, tukiwa tunamenya karanga, alikuja mwenyewe, daftari kwapani. Tukamwamkia.

"Marahaba," akasema, akaketi kwenye kigoda. "Dada yenu ana mdomo mkali kuliko sajini wangu."

Wadogo zangu wakacheka. Kisha akamgeukia yule wa mwisho.

"Baba yako sikumjua. Nikisema nilimjua nitakuwa mwongo. Lakini wenzake niliwaona. Mtu akianguka, tulichukua mzigo tukamwacha. Wengine tuliwafukia kandokando ya njia, wengine hata hatukuwafukia. Mimi nilirudi na kundi la mwisho, mwanangu. Nyuma yetu hakubaki mtu wa kurudi."

"Hata kwa treni?"

"Hata kwa treni."

Siku ile tulilia kama watu waliofiwa jana. Majirani walikuja. Mzee alisoma dua yake, na mama mmoja wa jirani akatunyoa nywele sote wanne, kama inavyopasa kwa waliofiwa.

Baadaye tuliurudia ukurasa ule. Aliutamka upya, polepole, nami nikaandika: watu arobaini waliingia mtoni wamebeba mizigo, na sita walichukuliwa na maji. Tangu hapo kila mzigo katika daftari lile ulikuwa na mtu chini yake.

Mzee yule ameshatangulia. Alinipa mambo mengi, lakini namshukuru zaidi kwa lile alilokataa kunipa. Angenidanganya kwamba alimzika baba, ningeupokea uongo huo kwa mikono miwili.

Treni ya kwanza baada ya kunyolewa kwetu, mdogo wangu alikwenda tena stesheni, kichwa kikimeta, amebeba kikapu cha karanga za kuuza. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono iliyonyooshwa madirishani.