Noelene Asiyelalamika

Noelene Tregear alilelewa hivi: ukiulizwa hali, jibu "Siyo mbaya, silalamiki," hata kama nyumba inaungua. Mji wao mdogo wa Cowra wote hujibu hivyo. Kwa hiyo gari lilipomgonga kwa nyuma, na daktari wa bima akamuuliza bega linaendeleaje, alijibu alivyolelewa.

Daktari, mgeni wa mji mkubwa, akaandika: mgonjwa halalamiki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila hawakufika Cowra.

Hapo ndipo sheria mpya ilipomnasa. Siku hizi jeraha likiitwa dogo, bima hulipia matibabu mwaka mmoja tu, basi. Likiwa kubwa, huendelea kulipa. La Noelene likaitwa dogo. Mwaka ukawa unayoyoma, na mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi za klabu, raha yake ya kila Jumamosi, akawa anautazama kutoka kwenye benchi. Hilo lilimuuma kuliko bega lenyewe.

Akakata rufaa. Mumewe Merv, fundi wa matrekta, akamfanyisha mazoezi ya kujibu jikoni.

"Haya, mama, bega linasemaje?"

"Siyo mba..."

"Noelene."

"Sasa nisemeje, Merv? Kuna watu wamekatwa miguu."

"Hao wana rufaa zao. Wewe lisemee bega lako."

Siku ikafika. Daktari wa rufaa, mama mmoja mpole, akamuuliza hali.

"Siyo mbaya," Noelene akasema, na papo hapo akatamani ardhi immeze. Akafumba macho. "Daktari, siwezi kufunga sidiria. Ananifungia Merv, na mikono yake imezoea boliti. Jana kaja na spana."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akampeleka apigwe picha, jambo ambalo yule wa kwanza hakuona haja nalo. Kano ya bega ilikuwa imechanika. Hilo si jeraha dogo kwa sheria yoyote, na bima ikalipia upasuaji na mazoezi yote.

Jumamosi moja asubuhi Merv aliingia chumbani kwa zamu yake ya kila siku. Akamkuta mkewe keshavaa, mpira mkononi, anatafuta kofia.

"Umejifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Merv akakaa kitandani taratibu.

"Basi leo," akasema, "mimi nalalamika."