Mchumba wa Mama na Misiba ya Watu

Mwanaume aliyemposa mama yangu alikuwa mwanasiasa, na mimi mwanasiasa simwamini hata akinielekeza njia ya stesheni. Alikuwa Mbrazili, amefiwa na mke, amekuja Birmingham kuishi karibu na binti yake, na anapanga bidhaa kwenye rafu za duka moja kule Longbridge. Kwao alikuwa mbunge wa bunge la jimbo. Walijuana na mama kanisani. Wajomba walipomuuliza mama kama anamkubali, alisema hatajibu mpaka mimi, mtoto wake wa pekee, niseme neno langu. Wangekuja kulisikia Jumamosi.

Jumapili iliyotangulia nikapanda basi kutoka Acocks Green mpaka kwa mama, Handsworth. Nilimkuta yule Mbrazili mezani, anakula fufu na sombe, kisamvu chetu, kwa mkono kama mzaliwa wa kwetu Uvira. Hata hilo sikulipenda. Mgeni gani huyo asiyedondosha hata tone?

Nikamwomba anisimulie kazi yake ya zamani. Kwa Kiingereza chake cha polepole akasema alianza kama dereva wa gari la vipaza sauti, akizunguka mji mdogo kumsifu mgombea mwingine. Kisha akawa diwani, halafu mbunge wa jimbo vipindi vitatu, na kila kipindi na chama chake.

"Ulihama vyama vyote hivyo kwa nini?" nikamuuliza.

"Vyama ndivyo vilivyokuwa vinahama," akajibu, na mama akacheka. Mimi sikucheka. Jibu lile lilikuwa limetumika sana, nililisikia lilivyolainika.

Siri ya ushindi wake, akasema, ilikuwa misiba. Kila asubuhi msaidizi wake alisikiliza matangazo ya vifo redioni, na yeye alifika kwa wafiwa kahawa haijachemka. Alijua majina ya watoto wote wa marehemu. Kwenye jeneza, mwanasiasa hushika mbele, akasema, kwa sababu picha hupigwa mbele.

Nikaweka kijiko changu chini. Mtu huyu alikuja kwenye msiba wa baba yangu. Alikuja kila jioni ya matanga, na mama amekuwa akimtaja kwa wema tangu siku hizo.

"Na ulishindwaje?" nikauliza.

"Juu ya nini unamuuliza vile, kama bapolisi?" mama akasema. "Umuache akule kwanza."

Lakini yeye akajibu. Mkewe alikufa katikati ya kampeni, na baada ya hapo hakuweza tena kuingia nyumba yenye jeneza. Watu wakasema ameanza kujidai, wakamnyima kura. Alinyamaza pale pale ambapo chozi lingetakiwa, na mimi nikawa namhurumia na wakati huohuo namkasirikia, kwa kuwa sikujua kama nimesikia uchungu au hotuba.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kumkamata. Sisi Wakongo hatuziki bila video, na ya baba ninayo. Niliiangalia yote nikimtafuta mbele ya jeneza, au ameshika mkono wa mama, au amejipanga karibu na mchungaji. Mbele walikuwa wajomba. Upande wa kulia walikuwa wajomba. Kamera ilizunguka ukumbi mzima, watu wakinyoosha shingo wapate kuonekana, na yeye hayumo. Nikawaza kwamba anayejua kamera inapotazama anajua pia pa kujificha. Ndivyo nilivyo, na siombi radhi.

Nikampigia mama. "Huyu bwana unayesema alikuwa anakuja kila siku, mbona kwenye video simwoni?"

"Hautamuona," mama akasema. "Mi nilimuona. Alikuwa mu cuisine, anasafisha masufuria na bamama."

"Mama, mimi bado simwamini."

"Sikukuomba umuamini. Nilikuomba uniambie kama utakuya ku mariage, siku ya ndoa yangu."

Nilikuwa nimemwangalia yule mwanaume wiki nzima, mama sikumwangalia hata kidogo. Sauti yake kwenye simu ilikuwa na woga, na aliyekuwa akiogopwa ni mimi.

Jumamosi wajomba walikuja, wakala, wakaniuliza. Nikasema sina neno la kupinga. Mama akafunika uso kwa kitenge. Yule Mbrazili akanishika mkono kwa mikono yake miwili, namna ile ya wanasiasa, nami nikauchomoa. Akatabasamu, akakusanya vyombo, akaenda jikoni.

Nikamfuata. Kuosha sufuria mbele ya mama mkwe mtarajiwa au binti wa mchumba, kila mtu anaweza kuigiza. Nilisimama mlangoni nione atafanyaje na sufuria ya fufu, kwa sababu asiyeizoea humwagia maji ya moto, na ukoko unazidi kung'ang'ania. Hakuwa ameniona. Alifungua maji ya baridi, akaijaza, akaiweka pembeni ilowe, akaanza na sahani.

Nikachukua kitambaa, nikasimama karibu naye, nikaanza kukausha. Kila sahani niliigeuza kwanza nikaangalia nyuma yake kama imetakata.